Nyuma ya Babu Hadi Kileleni

Baba wa babu yangu alikuwa mwashi. Alijenga ngazi za mawe zinazopanda kutoka sokoni hadi mahakamani, na mpaka leo hazijatikisika. Mawakili huzikanyaga kila siku bila kujua kwamba wanakanyaga kazi ya mtu mwadilifu. Mwanawe, ndiye babu yangu, alikuwa mpimaji wa nafaka, na wachuuzi walipogombana kuhusu uzito walipelekana kwake, kwa kuwa ilijulikana mji mzima kwamba kidole chake hakijawahi kugusa mizani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alinyoosha migongo ya vizazi viwili kwa rula ya mbao, na siku ya mazishi yake wanafunzi wake wa zamani, baadhi wakiwa na mvi, walisimama wima kana kwamba angeweza kugeuka wakati wowote akawauliza swali. Mimi nimekuwa fundi wa kujalidi vitabu tangu ujana wangu, nikastaafu nikiwa mkuu wa idara, na hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwangu kikaachia kurasa.

Siyasemi haya kwa majivuno. Nayasema ili msomaji ajue kwamba katika ukoo wetu mtu hafanyi jambo kwa pupa, na ili aelewe fadhaa iliyonipata nilipotambua kwamba mjukuu wangu wa kwanza, binti wa binti yangu, hufanya kila jambo kwa pupa.

Binti huyu ni fundi wa lifti, na mtu asidhani kwamba namwonea haya. Kazini anaheshimika. Huingia katika shimo la lifti na taa kwenye paji la uso, akazipapasa kamba za chuma kwa vidole kama nilivyokuwa nikipapasa mishono ya vitabu, na lifti haichukui abiria mpaka yeye aseme ichukue. Jioni hurudi akinuka grisi, husalimia wakubwa, hunawa, hula. Kwa hayo yote sikuwa na neno. Neno nililokuwa nalo lilihusu mlima.

Mwaka jana alikata shauri kwamba ataupanda ule mlima mkubwa wenye theluji, ambao watu wa kawaida huutazama kwenye kalenda wakaridhika. Alijiunga na kikundi cha wapandaji, akanunua buti, akaanza kujizoeza kwa kupanda ngazi za majengo yale yale ambayo lifti zake anazitunza. Na ili shanta lake la mgongoni liwe zito, aliingia karakana yangu, ambayo ni chumba cha nyuma cha nyumba, akachukua majuzuu ya sheria niliyoletewa kukarabati. Nilimkuta mlangoni akifunga vifungo.

"Babu, natafuta uzito tu," alisema. "Nitayarudisha."

"Hicho ni kitabu, si tofali."

"Lakini kina uzito wa tofali."

"Na wewe una kichwa kigumu, lakini sijakitumia kugongea misumari. Teremsha."

Aliteremsha. Nikamjazia chupa kubwa za maji mimi mwenyewe, akaenda nazo. Baadaye nilisikia kwamba wapandaji wa kweli hufanya hivyo hivyo: hubeba maji kupanda, wakifika juu huyamwaga, wakashuka wepesi ili magoti yasiumie. Sikujua jambo hilo. Nilichotaka ni vitabu vyangu tu.

Mazoezi yake yalizua kisa. Wapangaji wa jengo moja walimwona fundi wa lifti, akiwa na sare ya kampuni, akipanda ngazi kwa miguu huku akihema, siku baada ya siku, wakafikiri kama ambavyo angefikiri mtu yeyote mwenye akili timamu. Mama mmoja wa ghorofa ya juu alimpigia simu meneja wa jengo: "Kama mwenye lifti mwenyewe haipandi, sisi ni nani?" Basi jengo zima likapanda ngazi, wazee kwa vijana, likilalamika na kupumzika kila kona, hadi meneja akalazimika kumwomba mjukuu wangu apande na kushuka ndani ya lifti hiyo mara kwa mara, akitabasamu, ili watu wamwone.

Kiongozi wa kikundi chao ni mwanamke wa makamo, mfupi, mchache wa maneno, ambaye wapandaji wamempa jina la Taratibu kwa sababu ndilo neno analolitumia kuliko mengine yote. Mlima ule mkubwa ameupanda mara nyingi. Kabla ya kumpeleka mtu huko, humpima kwanza kwenye mlima mdogo ulio nje ya mji, ambao mtu huupanda na kushuka kwa siku moja. Nauita mdogo kwa kuwa hauna theluji. Lakini kilele chake hukaa mawinguni, na njia yake haina huruma.

Mara mbili mjukuu wangu alipimwa huko, na mara mbili alirudi akiwa ameshikiliwa. Alikuwa akiondoka mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni, akawapita wote msituni, na kabla hajaona kilele kichwa kinaanza kumgonga, tumbo linageuka, anatapika kwenye majani, anarudishwa. Mara ya pili Taratibu alimfikisha nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akasema mbele yetu sote:

"Binti, nguvu unazo. Breki huna. Kule kwenye theluji mtu wa mbio hujiletea msiba, akawaletea na wenzake. Nitakujaribu mara moja tena. Ukifika kileleni ukashuka mzima, umo safarini. Ukitapika, au ukijiumiza, nafasi yako nampa mwingine."

"Mpe leo leo," alisema binti yangu, mama yake.

"Mama!"

"Mama nini? Nilikuzaa mzima, nakutaka mzima. Kuna watu wanakwenda mlimani wakaletwa kwenye machela. Huko juu kuna nini? Kuna nani anakusubiri?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Kwa hiyo sisi tunakuchosha?"

Niliona machozi yakimlenga mjukuu wangu, naye si mtu wa kulia. Siku aliyobanwa kidole na mlango wa lifti alitukana tu, kisha akaniomba radhi. Ndipo nilipojua kwamba safari hii haikuwa kwake jambo la kupitisha muda. Aliitaka kama mimi nilivyotaka, nikiwa kijana, kukabidhiwa kazi ya kujalidi kitabu kizima bila mkubwa kusimama begani mwangu. Na anayetaka hivyo, ukimnyima bila sababu ya haki, umemvunja.

"Safari hiyo ya mwisho nitakwenda naye," nilisema. "Nitaona kwa macho yangu. Akiharibikiwa, mimi ndiye nitakayesema basi. Akifaulu, binti yangu, wewe utanyamaza."

"Baba, una miaka sabini na ushei!"

"Najua. Nilikuwepo yote."

Taratibu alinitazama kwa makini, kuanzia kofia hadi viatu, akaniuliza kama huwa natembea. Nikamjibu kwamba natembea kila asubuhi kutoka nyumbani hadi stesheni na kurudi, iwe mvua au jua, na kwamba daktari wangu hana la kunifanyia ila kunisalimia. Alisema nije na fimbo.

Siku ilipofika, tulikusanyika chini ya mlima alfajiri inapopambazuka, penye kibanda cha mlinzi na birika la maji. Wapandaji walikuwa wachache. Nitamtaja mmoja tu, kinyozi, kijana mrefu mwenye ulimi unaofanya kazi hata mkasi wake ukiwa umelala. Yeye tayari alikuwa na nafasi katika safari kubwa na alitaka kila mtu ajue.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Umekuja kutuaga?"

"Marahaba. Nimekuja kupanda."

"Haya! Leo mlima utakoma."

Taratibu akapiga makofi mara moja. "Mzee, wewe utatangulia. Binti, nyuma ya babu yako. Wengine fuateni. Mimi nipo mwisho."

Sikushangaa. Nilifurahi kuona kwamba katika zama hizi bado yuko mtu anayejua mahali pa mtu mzima. Niliweka mkono wa kushoto nyuma mgongoni, fimbo mkono wa kulia, nikaanza kupanda kama nilivyofunzwa kutembea shuleni: kifua mbele, macho njiani, mdomo umefungwa, pumzi kwa pua. Atakayeona kwamba anahema na apunguze hatua. Hiyo ndiyo sheria ya mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo, na sijapata kuambiwa kwamba imefutwa.

Msitu ulikuwa na umande. Mizizi ilivuka njia kama kamba zilizoachwa na mafundi wazembe. Nyuma yangu nilisikia kila kitu: maji yakigonga ndani ya chupa za mjukuu wangu, buti zake zikinikaribia, zikisita, zikinikaribia tena. Alikuwa kama mbwa aliyefungwa kamba fupi. Mara akanikanyaga kisigino.

"Samahani, Babu."

Tulikwenda kidogo, akanikanyaga tena. Nilisimama. Mstari wote ukasimama.

"Una haraka ya nini?"

"Miguu inakwenda yenyewe."

"Basi ikumbushe ina mwenyewe. Ukinikanyaga mara nyingine tunageuka wote wawili, na mama yako nitamwambia mimi."

Hakunikanyaga tena. Lakini kutoka huko nyuma ikaja sauti ya kinyozi: "Jamani, tunakwenda kileleni au tunasindikiza jeneza?" Watu walicheka. Mjukuu wangu naye alicheka, nikamsikia, akajifanya anakohoa.

Msitu ulipokwisha tulitokea kwenye mteremko mpana wa nyasi, ambapo njia inaruhusu watu wawili kupishana. Hapo ndipo, mara zote mbili, alipoanza kuugua. Kinyozi hakuweza kujizuia. Alitoka kwenye mstari, akatupita kwa hatua ndefu, na alipokuwa sambamba na mjukuu wangu akamwambia, "Vipi, fundi? Leo lifti imekwama ghorofa ya chini?"

Taratibu kutoka nyuma alimwita arudi. Alipunga mkono bila kugeuka, akaendelea.

Nilisikia pumzi ya mjukuu wangu ikibadilika. Nilijua uso wake ulivyo bila kuuona: taya limebana, macho yako kwenye mgongo wa yule kijana. Ndipo akaniuliza, kwa adabu yote aliyofundishwa nyumbani:

"Babu, naomba nipite."

Hapa sina budi kueleza. Kwetu mdogo hampiti mkubwa njiani hivi hivi. Akiwa na haraka ya haki huomba njia, na akikubaliwa hupita huku ameinama kidogo. Mkubwa akikataa, hapiti. Sikulibuni jambo hili mimi. Nililikuta, nikalilea, na mjukuu wangu amekua nalo kama alivyokua na meno yake.

"Una haraka gani ya haki?" nilimuuliza.

Upepo ulilaza nyasi.

"Sina," alisema hatimaye.

"Basi hupiti."

Ningependa kusema kwamba nilijua ninachofanya. Nilijua nusu yake. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba kijana mwenye matusi ya kitoto hatoshi kuwa sababu ya mjukuu wangu kukimbia. Tukaendelea. Nyasi zikawa fupi, kisha zikawa mawe, na mawingu yakatushukia, baridi na majimaji, hata nikawa naona hatua chache tu mbele ya fimbo yangu. Huko juu magoti yangu yalianza kunidai haki zao. Nilipunguza mwendo zaidi. Nilikuwa nikisimama kwenye kila jiwe kubwa, navuta pumzi, naendelea. Kila niliposimama, naye alisimama. Hakulalamika tena. Baada ya muda nilitambua kwamba buti zake zinakanyaga pale pale zangu zilipotoka, na kwamba alikuwa anaimba puani, wimbo wa redio usio na maana yoyote. Mtu anayeumwa kichwa haimbi. Nilianza kuwa na tumaini, lakini sikugeuka, kwa kuhofia kuliharibu.

Kilele kilitokea ghafla: rundo la mawe, mlingoti wa chuma wenye kutu, na kinyozi. Alikuwa amelala ubavu kando ya rundo, uso una rangi ya majivu, mikono kichwani.

"Msinisemeshe," alisema.

Hakuna aliyemsemesha. Nilimgeukia mjukuu wangu. Mashavu yake yalikuwa na rangi njema, macho maangavu. Alivua shanta, akatoa mayai ya kuchemsha na mkate, akakaa juu ya jiwe, akala. Alikula yai la kwanza na la pili, akautazama mkate wangu. Nikampa nusu. Sijapata kufurahia kumtazama mtu akitafuna kama siku ile. Tangu usiku wa jana yake nilikuwa nimebeba kifuani kitu kizito kuliko chupa zake, nacho kilishuka hapo, mawinguni, kwa kila tonge alilomeza. Akamaliza, akafungua chupa, akamnawisha kinyozi uso, maji yaliyobaki akayamwaga kwenye mawe.

Taratibu alisema, "Safari haijaisha. Kileleni ni nusu. Nataka kukuona chini."

Maji yalimrudishia kinyozi sauti, na sauti ilipomrudia utani nao ukarudi. Nadhani hakukusudia ubaya. Aliona aibu, na mwenye aibu hutafuta wa kugawana naye.

"Mzee, hongera," alisema. "Umetuongoza vizuri. Lakini unajua kwa nini uliwekwa mbele?"

"Kwa kuwa mimi ni mkubwa wenu."

Alicheka, kisha akashika kichwa kwa maumivu. "Mbele huwekwa mwenye mwendo mdogo kuliko wote, Mzee. Ni kanuni ya mlimani. Ili asiachwe. Kobe hutangulia."

Nilimtazama Taratibu. Mwanamke yule si mwongo. "Ndivyo," alisema. "Mstari huenda kwa mwendo wa mbele. Aliye mzito nikimweka nyuma, atajiua akiwafukuzia wenzake."

Nilikunja karatasi ya mkate, nikaikunja tena, nikaitia mfukoni. Nyuma yangu katika ukoo walisimama mwashi, mpimaji na mwalimu, na mimi nilikuwa nimetembea nusu siku nikiamini naheshimiwa, kumbe nachungwa. Watu walipoanza kujipanga kushuka, nilikwenda karibu na mwisho wa mstari.

"Mzee, mbele," alisema Taratibu.

"Nashukuru. Nitakaa huku, nisimcheleweshe mtu."

"Sikulazimishi."

Basi mjukuu wangu akawa wa kwanza. Njia ya kushuka pale juu ni kokoto tupu, zinateleza chini ya kiatu kama mahindi sakafuni. Nilimwona akianza vizuri, hatua chache za heshima. Kisha ile miguu yake ikakumbuka tabia yake. Akaanza kurukaruka, mikono imepanuka, kokoto zinamkimbilia mbele, na kabla Taratibu hajamaliza kusema neno lake moja, alikwisha kuanguka. Aliteleza umbali wa kitanda, akasimama, akajipangusa. Kiganja chake kilikuwa kinatoka damu kidogo. Nilimtazama Taratibu. Alikuwa amekunja midomo kama mwalimu anayetafuta kalamu nyekundu.

Naye mjukuu wangu alimwona. Alisimama pale chini kwa muda, akiangalia kiganja. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aligeuka, akaanza kupanda kuja kwetu, taratibu, akawapita wenzake wote kwa kuomba njia, hadi akafika mbele yangu.

"Babu, rudi mbele."

"Nimeambiwa huko ni mahali pa kobe."

"Ndiyo."

"Unanikubalia kwamba mimi ni kobe?"

"Babu, huna mbio. Si siri. Hata kwenda stesheni paka wa jirani hukupita." Sauti yake ilitetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio. "Lakini nikiuona mgongo wako miguu yangu inatulia. Nikiwa mbele hakuna cha kunizuia. Umeona mwenyewe. Nikianguka tena nimekwisha. Nikuombe vipi? Nipige magoti? Goti lenyewe limechubuka."

Kinyozi alifungua mdomo. Taratibu alimtazama, akaufunga.

Nitasema kweli: haikuwa rahisi. Kupanda mlima nikidhani natukuzwa kulikuwa kwepesi kuliko kushuka hatua chache za kokoto hadi mbele ya mstari, watu wote wakijua kwa nini. Lakini aliyeniomba hakuniomba kwa kunihurumia. Aliniomba kwa kuwa ana haja nami, na haja hiyo hakuna mwingine mlimani pale aliyeweza kuitimiza. Kwa maana wengine angewapita.

"Ngoja kwanza nikufunge kitambaa changu mkononi," nilisema. "Hutashuka mbele za watu ukidondosha damu."

Nilimfunga. Kisha nikapita, mkono wa kushoto mgongoni, fimbo mkono wa kulia, na mstari ukasubiri hadi niliposimama mahali pangu.

Kushuka kulituchukua sehemu kubwa ya mchana. Kwenye kokoto nilikwenda upande upande kama kaa, naye upande upande kama kaa. Kwenye nyasi nilipumzika, naye alipumzika. Msituni kinyozi, ambaye sasa alitembea kwa adabu akiwa wa tatu, aliuliza kama mzee angependa kushikwa mkono, na mjukuu wangu akamjibu, "Jishike wewe mwenyewe kichwa." Mawingu yalibaki juu, jua likapita kati ya miti, na nilianza kusikia, mbali, maji ya birika la mlinzi yakimwagika. Sijui kama kuna sauti tamu kuliko hiyo kwa mtu aliyekuwa akihesabu kila jiwe kuwa ndilo litakalomwangusha mtoto wake.

Tulipofika kwenye kibanda, Taratibu alimwambia mjukuu wangu avue buti. Akamkagua vidole vya miguu, magoti, kiganja. Akamtazama machoni. Alichukua muda wake wote, na mimi nilisimama pembeni nikijifanya nasoma tangazo la mlinzi kuhusu moto.

"Umo," alisema.

Mjukuu wangu alikaa chini palepale, miguu mitupu kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yakitikisika. Niliondoa kofia, nikaivaa tena.

"Lakini kule juu babu yako hatakuwepo," alisema Taratibu. "Utafanya nini?"

Alifuta uso kwa kitambaa chenye damu, akawaza. "Kutakuwa na wapagazi?"

"Wengi."

"Nitamtafuta aliye mzee kuliko wote. Nitamwamkia, kisha nitakaa nyuma yake. Nikishamwamkia siwezi kumpita."

Taratibu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Akanigeukia. "Mzee, nisikudanganye. Asubuhi sikuwa na hila yoyote. Nilikuweka mbele kwa kuwa huna mbio, basi. Hili la mjukuu wako kutokupita sikulijua. Ningelijua, ningekuita tangu mwanzo."

"Umeniita kwa wakati," nilimjibu.

Nyumbani binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, na kwa hali ya kizingiti nilijua amesimama hapo tangu tulipoondoka, kwani kilikuwa kimefagiliwa hadi kimeng'aa. Alimtazama mwanawe, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku.

"Umetapika?"

"Sijatapika. Nimekula mkate wa Babu."

"Na mkono?"

"Nilianguka nilipokuwa sina Babu mbele."

Binti yangu alinitazama. Nilimkumbusha agizo langu la kunyamaza. Alinyamaza, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi moja ndefu na kuishusha yote, kisha akaanza kumfokea kwa nini hajavaa soksi nzito zaidi, nami nikajua kwamba amekubali. Nililala jioni ile viatu vikiwa miguuni, jambo ambalo sijalifanya maishani.

Mjukuu wangu ataondoka na wenzake mvua zikikatika. Roho yangu imetulia.

Sasa nasema na ninyi wengine wa nyumba hii, wadogo zake na binamu zake, ambao tangu habari hizi zifike mnapanda na kushuka ngazi na mabegi ya shule mgongoni, mkigombea nani awe wa kwanza. Acheni mara moja. Anayetaka mlima na aje kwangu asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai na kufunga kamba za viatu vyake sawasawa, akae nyuma yangu, na asiniombe njia mpaka awe na haraka ya haki. Nimelisema hili kwa upole. Lisikieni, na mlishike, kabla sijalisema kwa sauti nyingine.